AFCON itafika Tabora kupitia kibanda umiza

Miembe mikongwe ya Tabora inakumbusha enzi za misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, ambayo ilitua hapa kupumzika na kununua chakula. Mashindano ya siku hizi hayatui hivyo. CHAN ya Agosti 2025, kwa Tanzania Bara, ilichezwa Dar es Salaam, na wageni walifikia huko. AFCON 2027, ambayo wenyeji wake ni Tanzania, Kenya na Uganda, wengi wa Tabora wataiona kwenye kibanda umiza, mkeka wa kubeti ukiwa kando. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kubeti, lakini simu ya mzazi ikiwa mkononi mwa mtoto haiulizi umri. Wazazi, fichieni watoto namba ya siri, na mechi za usiku tazameni nao nyumbani.