Hali, Kivuli na Taarifa ya Msimu

Huku Ndungu, chini ya milima ya Upare, hakuna mazungumzo yanayoanza kabla watu hawajaulizana hali. Fizikia nayo hulitumia neno hilohilo: hali ni yote yanayoweza kujulikana kuhusu kitu. Kinachopimwa ni jambo jingine.

Chukua fimbo ya mita moja, uiinamishe upendavyo kwenye kona ya chumba. Imulike ikutupie kivuli kwenye kila moja ya kingo tatu zinazokutana konani, mwanga ukiwa wa pembe mraba na ukingo husika. Fimbo ndiyo hali. Vivuli vitatu ndivyo vipimo. Ukizidisha urefu wa kila kivuli kwa wenyewe na kujumlisha, utapata 1 daima, hata uigeuze fimbo vipi. Kivuli kimoja kikifika mita nzima, vingine viwili hutoweka.

Mwaka 1922, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha atomi za fedha katikati ya sumaku, zikagawanyika mafungu mawili tu: juu na chini. Leo tunajua kuwa hiyo ni spini ya elektroni. Hesabu juu kuwa 1 na chini kuwa −1. Wastani wa majibu mengi ndio kivuli chake. Wastani za pande tatu nazo zimefungwa na jiometri ileile: jumla ya miraba yake haizidi 1. Ndiyo maana huwapa wanafunzi wangu 0.7, 0.7 na 0.7, nikawataka watafute hali. Wengi huanza kukokotoa papo hapo. Hali hiyo haipo.

Sidai kwamba kijiji ni elektroni. Ulinganisho wa namna hiyo umeshatumiwa vibaya mno. Lakini mpunga wa Ndungu hunyweshwa kwa Mto Yongoma, na mto ni mmoja. Tuseme taarifa ya msimu inaeleza kuwa mashamba ya juu yamepata maji ya kutosha, ya mwisho wa mfereji vilevile, na eneo la kilimo limeongezwa, ilhali mvua imepungua. Kila tarakimu ikikaguliwa peke yake hupita. Ndivyo tunavyokagua: safu kwa safu, sahihi kwa sahihi. Ni nadra mtumishi kuuliza kama upo mto unaoweza kutupa vivuli hivyo vyote kwa pamoja, na swali hilo halihitaji bajeti wala mshauri mwelekezi. Linahitaji mtu atembee hadi shamba la mwisho, aulize hali, kisha asubiri jibu.