Disneyland: Furaha na Hofu ya Mashabiki

Ukiingia Disneyland, mjini Anaheim, California, tazama dirisha la juu la kituo cha zimamoto. Utaona taa inawaka. Hapo ndipo ilipo fleti ndogo ya Walt Disney, aliyefungua bustani hiyo ya burudani Julai 17, 1955. Alifariki mwaka 1966, lakini taa huachwa ikiwaka kwa kumkumbuka.

Kwa wazazi waliokulia humo, Disneyland ni kama nyumbani kwa bibi: wanataka watoto wao wakute kila kitu mahali pake. Ndiyo maana mwaka 2010, iliposikika kuwa Jon Favreau angetengeneza filamu ya familia iliyonaswa humo huku michezo ikigeuka hai, wapo waliofurahi na wapo walioshika tama.

Hofu ilikuwa na sababu. Safari ya mashua ya maharamia, iliyoanza mwaka 1967, ilizaa filamu mwaka 2003. Filamu ikapendwa mno, na mwaka 2006 sanamu za mitambo za Jack Sparrow zikawekwa ndani ya safari yenyewe. Watoto wakashangilia, baadhi ya mashabiki wa zamani wakaona kama mgeni kahamia sebuleni.

Miaka imepita na filamu ya Favreau haikutoka. Somo limebaki. Mzazi, ukimpeleka mtoto mahali ulipochezea utotoni, mwache apende atakachokikuta. Kilichokuwapo zamani, msimulie njiani mkirudi.