Ndoo, Hita na Maziwa Yaliyogoma Kuganda

Nenda duka lolote la mtaani kwetu hapa Dar ukaulize yogati isiyo na sukari. Utaletewa ya vanila, utaletewa ya stroberi, na ukisisitiza, muuzaji atakutazama kama vile umeomba soda isiyo na gesi. Supamaketi kubwa wanayo, sikatai, lakini bei yake na mshahara wa mwandishi wa habari ni watu wawili wasiosalimiana.

Mimi ningeweza kuishi bila yogati. Mama hawezi. Amekuja kutoka Singida kwa ajili ya kliniki ya kisukari, huu ni mwezi wa pili yuko kwangu, na mtu aliyekulia kwenye mtindi wa kibuyu huwezi kumwambia ashinde na chai kavu. Daktari amemruhusu maziwa yaliyochachuka, yasiyoongezwa sukari, tena kwa kipimo. Maziwa yenyewe yana sukari yake ya asili, kama gramu 5 hivi katika kila gramu 100, na bakteria wanakula sehemu yake tu. Kwa hiyo kikombe anakipima.

Tulianza na mtindi wa kawaida. Ule hauna masharti: bakteria wake wanafanya kazi kwenye joto la chumba, unaacha maziwa kabatini unakwenda zako kazini. Tatizo ni kwamba chumba cha Dar siyo chumba cha Singida. Ukirudi jioni umeshachacha hadi meno yanasisimka. Mama alionja, akaweka kikombe chini, akasema, "Mwanangu, hii ni siki."

Yogati ni ukoo mwingine. Bakteria wake wawili, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, wanataka nyuzi 42 au 43. Joto likishuka wanasinzia, likizidi sana 50 wanakufa. Huyo wa kwanza alitambuliwa mwaka 1905 na Mbulgaria mmoja, Stamen Grigorov, akiwa Geneva, na alikuwa na miaka 27. Umri wangu kabisa. Mimi nahangaika na ndoo.

Naam, ndoo. Kidhibiti joto nilikipata Kariakoo kwa wauza vifaa vya mashine za kutotolea vifaranga. Ni kile kile kinachotunza joto la mayai, wewe unabadili namba tu. Fundi umeme akakiunganisha na hita ya kawaida ya kuchemshia maji ya kuoga. (Jamani, msijiunganishie wenyewe, na usitie mkono kwenye maji kabla hujachomoa waya ukutani.) Ndoo ya plastiki ya lita 20, nusu yake maji. Hita inaning'inia kwenye kijiti ili isiguse plastiki. Chupa nne za jemu zimesimama ndani, maji yanafika shingoni. Kipimo kikisoma 42 hita inawaka, kikifika 43 inazima. Juu kifuniko, pembeni blanketi la mwenye nyumba, yaani mimi mpangaji.

Mwanzoni niliogopa umeme kukatika, na kweli ulikatika usiku wa pili. Saa nzima. Nilipofunua, maji yalikuwa yameshuka nyuzi 2 tu. Maji hayana haraka ya kupoa, hasa yakiwa mengi na yamefunikwa, ndiyo maana nayapenda kuliko taa au jiko la mkaa. Yogati iligandia gizani bila kujua kuna mgao.

Maziwa mabichi kwanza nayapeleka hadi nyuzi 85 na kuyashikilia hapo kama dakika 20, nikikoroga. Hilo linaua vijidudu, pamoja na vya brusela, na linabadilisha protini za maziwa ili yogati iwe nzito. Nayapoza hadi 43, naweka vijiko viwili vya yogati ya jana kwa kila lita, nafunika. Saa sita baadaye ukiinamisha chupa, halimwagiki.

Wiki iliyopita zikamwagika. Saa sita, saa nane, saa kumi, maziwa ni maziwa. Mbegu ile ile, joto lile lile. Kesho yake nikarudia kwa namna nyingine: chupa mbili maziwa ya muuzaji wetu wa baiskeli, chupa mbili maziwa ya pakiti, mbegu moja, ndoo moja. Za pakiti ziliganda. Za baiskeli zilikaa vile vile, meupe, hayana hata harufu ya uchachu.

Ingekuwa tunatumia blanketi peke yake, ningesema baridi. Ndoo ilinizuia kusema hivyo. Nikashuka kumsubiri muuzaji pale kona, nikamuuliza kiuandishi, yaani polepole na bila kumtuhumu: ng'ombe wako wazima? Akasema mmoja alikuwa anaumwa kiwele, amechomwa sindano siku tatu zilizopita, sasa anaendelea vizuri. Na maziwa yake? "Nachanganya na ya wengine, bosi."

Thermophilus anadhurika na penisilini hata ikiwa kidogo sana, na kuchemsha hakuiondoi yote. Dawa za mifugo huwa na siku za kusubiri, zimeandikwa kwenye kibandiko, na katika siku hizo maziwa yanamwagwa. Kinachonikera ni kwamba kwenye chai maziwa yale yangepita bila mtu kushtuka. Mtaa mzima umeyanywa, watoto wamo, na kuna watu mwili wao haupatani kabisa na penisilini. Mfugaji naye namwelewa: kumwaga maziwa ya siku kadhaa ni kumwaga ada ya mtoto. Kumwelewa hakunifanyi niyanywe.

Mama hakushangaa. Alisema kwao maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano hayaingii kibuyuni, "hayalali." Nilikuwa nalisikia neno hilo tangu utotoni, nikidhani ni imani za wazee.

Jana muuzaji amepita tena. Anasema sindano zimekwisha na siku amezihesabu kama ilivyoandikwa. Nimechukua lita moja, siyo tatu. Iko kwenye ndoo tangu saa mbili asubuhi, na pembeni yake chupa moja ya pakiti.