Jina Lako ni Amana



Wazee wetu wa pwani walimjua mwizi kwa mlango uliovunjwa. Siku hizi, huku Machakos ninakosomesha na huko Mombasa, Malindi na Lamu mliko wengi wenu, amezuka mwizi asiyegusa komeo. Hulivaa jina lako kama kanzu ya kuazima, akakopa nalo na kupokea fedha kwalo, kisha akakuachia wewe deni na fedheha.

Mwaka jana niliitwa kusuluhisha chama cha akina mama wa msikiti wetu. Mweka hazina wao, mjane muuza nguo, alikuwa amepigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu. Mtu huyo alimtajia jina lake kamili na nambari ya kitambulisho chake, naye akaamini. Akaulizwa mwaka wa kuzaliwa na tarakimu alizotumiwa kwa ujumbe, akazitaja. Magharibi laini yake ikazimika, akadhani ni hitilafu ya mtandao. Kumbe laini ilikwisha hamishiwa kadi nyingine, na kulipokucha akiba ya chama ilikuwa imekwisha yote.

Fedha ulikuwa msiba mdogo. Msiba mkubwa ni minong'ono: kwamba amezila, kwamba hadithi ya simu ni ya kutunga. Hata ilipothibitika kuwa laini ilibadilishwa mji asioukanyaga maishani, wanachama wawili hawakurudi tena. Mwizi wa jina huchukua mali kwanza, kisha huchukua dhana njema ya watu juu yako, na hiyo hailipwi kwa mchango.

Je, nambari ya kitambulisho chake ilitoka wapi? Tuulizane sote. Tunaiandika kwenye daftari la askari wa kila lango na kwenye fomu za shule na za basari. Tunapiga picha pasipoti za safari ya Umra na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp lenye watu tusiowajua. Nimewahi kuuziwa karanga zilizofungwa katika nakala ya kitambulisho cha mtu. Mnamo Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa bila idhini yao. Hawakuibiwa shilingi, lakini majina yao yalikwisha tumiwa.

Baadhi ya akina mama huniambia, "Sheikh, nikimkatalia mpigaji simu, si nitakuwa nimemdhania vibaya?" La. Suratun Nur imetufunza adabu ya kubisha hodi: mgeni hujitambulisha na kuomba idhini, na akiambiwa arudi, hurudi bila kinyongo. Basi anayebisha hodi kwa simu naye ana adabu hiyo hiyo. Mwambie, "Nitapiga mwenyewe kwa kampuni." Mkweli atakubali. Akighadhibika au akikuharakisha, amekwisha kujieleza.

Wateja wa Safaricom wajue kwamba kampuni hiyo imetangaza kuwapigia wateja wake kwa nambari moja tu, 0722 000 000, na haiombi nambari ya siri. Ukibonyeza *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti. Ukibonyeza *100*100# utazuia laini yako isibadilishwe na wakala wa mtaani. Ujumbe wa kitapeli upeleke 333, wala usiufute tu. Na laini ikizimika ghafla, usingoje asubuhi: azima simu ya jirani uiarifu kampuni saa hiyo hiyo.

Nakala ya kitambulisho unayoitoa, iandikie kalamu juu yake kazi yake na tarehe. Karatasi kuukuu zichome. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatakiwa kwa kazi gani, na kutaka zisahihishwe au zifutwe. Sheria hiyo ina meno: mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Nasi wazazi tujiulize tunachotangaza wenyewe: jina kamili la mtoto, siku yake ya kuzaliwa na shule yake, vyote katika picha moja ya keki.

Mwisho, kikulacho ki nguoni mwako. Bibi zetu humpa mjukuu, jirani au wakala simu pamoja na nambari ya siri, kwa kuwa macho hayaoni vizuri. Usimcheke wala usimkaripie. Keti naye, mchagulie mtu mmoja mwaminifu wa kumsaidia, na mzoeze jibu moja: "Mwanangu, ngoja nimuulize mwenzangu." Mzee aliyekaripiwa huficha akitapeliwa, na kuficha huko ndiko kunakompa mwizi nafasi ya kurudi.

Na akija kwenu mtu aliyeibiwa jina, msikilizeni kabla ya kumhukumu.

Wabillahi tawfiq.