Ng'ambo ya Makupa: Ziara Yetu Owino Uhuru

Ukivuka Makupa kutoka kisiwani, Mombasa hubadili sura. Huku nyuma tumeacha vichochoro vya Mji wa Kale, baraza na harufu ya udi. Mbele barabara ya Nairobi hutupokea kwa misururu ya malori, makontena yaliyopandana na matangi ya mafuta ya Changamwe. Hapo ndipo kilipofunguliwa mwaka 1963 kiwanda cha kusafishia mafuta. Usafishaji ulikoma mwaka 2013, lakini matangi yamebaki ya kuhifadhia. Vitongoji vya upande huu vilikua hivyo: kazi ilitangulia, watu wakaifuata.

Tulishuka Mikindani asubuhi, tukaingia Owino Uhuru kwa miguu. Ni kitongoji cha nyumba za udongo na mabati, chenye wakazi wapatao 3,000. Mama aliyetukaribisha alikuwa akinyunyizia ua wake maji kabla ya kufagia. Tulidhani ni unadhifu tu. Alitueleza kuwa vumbi la hapa haliaminiki, na mtoto ni mtoto: atacheza chini, kisha atatia kidole kinywani.

Mwaka 2007, pembeni mwa nyumba hizi, kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Waliopata ajira walishukuru, kwani nani asiyetaka riziki iliyo karibu na mlango wake? Lakini moshi ulitanda juu ya mabati, na maji machafu yakapita katikati ya makazi.

Risasi ni adui asiye na kishindo. Humwingia mja mzito ikamfikia mtoto tumboni, hupita katika maziwa ya mama, na hujificha mifupani miaka mingi. Mtoto mdogo huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, nayo huudhuru ubongo unaokua. Wataalamu hawajapata kiwango chake kisicho na madhara.

Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho akiwa mama anayenyonyesha. Mwanawe aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Hakuishia kumuuguza wake. Alisimama na majirani wakadai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia. Tangu moshi wa kwanza hadi hukumu hiyo ilipita miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amekaribia utu uzima, na hakuna fedha inayoweza kumrudishia utoto wake.

Tulirudi na mambo ya kutenda majumbani mwetu. Betri kuukuu isiwekwe uvunguni wala isivunjwe uani. Baba au kaka anayefanya kazi ya betri au ya kuyeyusha vyuma avue nguo za kazi na aoge kabla ya kumpakata mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na wasikose vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu, kama kunde, mboga za majani, dagaa na maziwa, kwani mwili ulioshiba madini hayo huifyonza risasi kwa uchache.

Na kiwanda kikija mtaani kwetu, tusiulize idadi ya kazi pekee. Tuulize pia moshi wake utaelekea wapi, na maji yake yatapita mlango wa nani.

Tulipoaga, ua ulikuwa umekauka, na mama yule alikuwa amechota ndoo nyingine. Mwenyezi Mungu awape afya watoto wa Owino Uhuru, na atujaalie kuwa majirani wema. Amin.