Steringi Kapewa Nini?

Tanga, Jumapili

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Kaka yako naye kanitumia wa kwake, kwa hiyo nimeshafanywa hakimu bila kuomba kazi. Wewe unadai msimu wa kwanza wa tamthilia ya True Detective haujapata mfano na misimu yote iliyofuata ni takataka. Yeye anasema wewe unampenda Matthew McConaughey tu, hata angesoma bei za nyanya ungempigia makofi. Bibi yako alikuwa pembeni anachambua mchele, akauliza kama muuaji alipatikana. Nikamwambia alipatikana, akauawa. Akasema, basi mnagombania nini?

Ningewaacha mgombane, lakini umesema jarida la chuo limekuomba uandike maoni yako juu ya misimu yote minne. Hapo lazima niseme neno, maana mtu akiandika mapenzi yake kwa staa na kuyaita uhakiki, msomaji anamshtukia kabla ya aya ya pili.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na sheria yetu: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Unalipa kiingilio, unabanana kwenye benchi, na filamu haijaanza unajua nani atatoka mzima. Jina la mwandishi halikumshughulisha mtu, la mwongozaji ndiyo kabisa. Tulimfuata steringi. Imani hiyo haikufa vibanda vilipofungwa. Imehamia kwenye simu zenu, na watengenezaji wa tamthilia wanaijua vizuri. Jina kubwa linamfanya mtu abonyeze atazame. Akishabonyeza, kazi ya jina imekwisha, na staa anabaki na kile alichoandikiwa na namna alivyopigwa picha. Kwa hiyo ukitaka kumpima staa yeyote, jiulize kwanza kapewa nini.

Tuanze na huyo wako. Machi 2, 2014, McConaughey alichukua Oscar kwa filamu ya Dallas Buyers Club. Wiki moja baadaye, Machi 9, sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza ikatoka, na huduma ya kutazama kwa intaneti ya HBO, kituo kinachoirusha tamthilia hiyo, ikalemewa na watu mpaka ikakwama. Nyota yake ilikuwa juu, sikatai. Lakini rudi ukatazame kile chumba cha mahojiano. Mwaka ndani ya hadithi ni 2012. Rust Cohle, mpelelezi wa zamani anayechezwa na McConaughey, nywele ndefu, amekaa mbele ya wapelelezi wawili anakunywa bia za kopo. Anachukua kisu, anayakata makopo, anayakunja yawe vijitu vidogo, anavipanga mezani. Haraka hana. Wale wawili wanadhani wanamhoji, kumbe yeye ndiye anayewapima wanajua kiasi gani. McConaughey anacheza vizuri mno pale, lakini kuna watu walioamua apewe muda, kopo na kisu, na kamera itulie imwangalie.

Kisha nenda sehemu ya tano. Cohle na Marty Hart, mpelelezi mwenzake anayechezwa na Woody Harrelson, kila mmoja kwa wakati wake, wanasimulia jinsi walivyovamia maficho ya mshukiwa wao, Reggie Ledoux, mwaka 1995. Sauti zao zinasema walimiminiwa risasi nao wakajibu. Picha inasema mengine kabisa: wananyata kimya, Ledoux anatiwa pingu, Hart anaingia ndani anakuta watoto wawili, anatoka na kumpiga Ledoux risasi ya kichwa. Cohle anaokota bunduki na kuyamwagia risasi majani ili ushahidi ulingane na uongo watakaousema. Sikio lako linasikia uongo, jicho lako linaona ukweli, na vyote vinakujia kwa pamoja. Hilo staa hawezi kulifanya kwa sura yake. Ni kazi ya Nic Pizzolatto aliyeandika, ya Cary Joji Fukunaga aliyeongoza sehemu zote nane, na ya Harrelson, ambaye kwenye ujumbe wako wa dakika tisa hukumtaja hata mara moja. Ukumbuke pia kwamba mwaka ule Emmy ya uongozaji wa tamthilia alipewa Fukunaga. Ya mwigizaji McConaughey aliikosa, ikaenda kwa Bryan Cranston wa Breaking Bad.

Sasa msimu wa pili, wa Juni 2015. Kama majina yangetosha, huu ndio ungeshinda: Colin Farrell, Rachel McAdams, Vince Vaughn, Taylor Kitsch. Lakini Fukunaga hakuongoza tena, waongozaji wakawa wanapokezana, na Pizzolatto akatakiwa kuandika mbio mbio. Mwaka 2016 Michael Lombardo, aliyekuwa mkuu wa vipindi wa HBO, alisema wazi kwamba kosa ni lake kwa kuharakisha kazi. Matokeo unayaona kwa Vaughn, mtu ambaye watazamaji wengi walimzoea kwenye vichekesho. Sehemu ya pili inafunguka akiwa kitandani anatazama madoa ya maji kwenye dari, anasimulia alivyofungiwa gizani na baba yake na kushambuliwa na panya. Maneno ni mazito, na hana kitu cha kushika mkononi. Linganisha na yale makopo ya bia. Watu waliomcheka Vaughn walimcheka mtu aliyebebeshwa gunia bila kupewa kata.

Farrell naye. Mwisho wa sehemu ya pili anapigwa bunduki kwa karibu, anaanguka, na skrini inakwisha. Wiki iliyofuata kumbe yu hai, risasi zilikuwa za mpira. Kaka yako anasema alijiona kachezewa, na hoja yake ina uzito. Lakini mbele ya safari Farrell anakufa kweli, Vaughn anakufa, Kitsch anakufa. Sheria ya kibandani imevunjwa mara tatu. Watazamaji wengi walikasirika, na hapa, mwanangu, uwe makini. Anayesema "sikupenda kafa" katoa hisia zake. Anayesema "kifo chake hakikuandaliwa" katoa hoja, na hoja lazima ioneshwe kwenye tamthilia yenyewe. Kwa Kitsch unaweza kuitetea. Kwa Farrell, mimi nitakubishia. Kabla hajafa, akiwa amezingirwa msituni, anamrekodia mwanawe ujumbe wa sauti na kujaribu kuutuma. Mtandao hakuna. Anapigwa risasi, na simu inaonesha ujumbe haukwenda. Msimu wenye tukio kama hilo usiuite takataka. Uite msimu uliokosa muda.

Wa tatu, wa mwaka 2019, umeurukia kwa sentensi moja, ilhali ndio unaojibu swali lako la staa vizuri kuliko yote. Mahershala Ali alipewa kwanza nafasi ya pembeni. Hakuikubali hivyo hivyo. Alimtumia Pizzolatto picha za babu yake, aliyekuwa askari polisi wa jimbo, kumwonesha kwamba mtu mweusi angeweza kuwa mpelelezi mkuu wa hadithi ile ya Arkansas. Akapewa. Na alichopewa ni umri wa aina tatu: Wayne Hays wa 1980, wa 1990, na mzee wa 2015 ambaye kumbukumbu zinamtoroka. Mpelelezi anayesahau kesi yake mwenyewe! Katazame anavyosita katikati ya chumba, hajui kaingia kufuata nini. Hapo staa kadai mzigo mzito, kapewa, kaubeba.

Tuje msimu wa nne, Night Country, wa 2024, mnaotukanania na kaka yako. HBO ilitangaza kwamba msimu huu ulipata wastani wa watazamaji milioni 12.7 nchini Marekani, zaidi ya msimu mwingine wowote wa True Detective. Wahakiki waliusifu, na Jodie Foster akachukua Emmy. Papo hapo, watazamaji wengi wakaupa alama za chini kabisa. Sasa zichambue hizo alama. Wapo waliochukia kwamba Pizzolatto hayupo na kiti chake kakaa Issa López, mwanamke kutoka Meksiko. Wapo waliochukia kuona wanawake wawili wakiongoza, Foster pamoja na Kali Reis, bondia aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Maoni ya namna hiyo yanahusu nani kaketi wapi, tamthilia haimo. Lakini wapo pia waliouliza ule ulimi wa mtu uliokutwa kwenye kituo cha utafiti uliwekwa na nani, na kwa nini alama ya mzunguko kama wa konokono na jina la Cohle vilirudishwa kutoka msimu wa kwanza kama haviendi popote. Hao wametazama kwa macho yote mawili, na wewe unayeusema vibaya msimu huu ungewanukuu hao badala ya wenye matusi.

Swali la bibi yako nalo usilidharau. Hadithi ya uhalifu ina deni, na deni lenyewe ni jibu. Mwaka 2014 watu walimsaka yule Mfalme wa Njano anayetajwa kwenye kesi ya msimu wa kwanza mpaka wakakinunua kwa wingi kitabu cha Robert W. Chambers cha mwaka 1895, wakitafuta dalili. Mwisho ukawaletea Errol Childress, mkata nyasi ambaye Cohle alishazungumza naye sehemu ya tatu. Wengine walihisi wamedhulumiwa. Mimi naona deni lililipwa, maana mtu alikuwa mbele yetu na sisi tukawa tunamtazama staa aliyesimama naye. Wewe unaweza kuona vingine, mradi uoneshe ni wapi.

Basi andika hivi: chagua tukio moja kwa kila msimu, lisimulie sawasawa ili hata asiyeliona alione, kisha useme staa kapewa nini na kakifanyia nini. McConaughey mpende tu, hakuna anayekukataza, lakini msifu kwa kitu ambacho kaka yako anaweza kukirudia kwenye simu yake akakiona. Na Harrelson apate aya yake nzima.

Ukimaliza nitumie kabla hujampelekea mhariri. Kaka yako usimtumie mpaka jarida likishachapishwa, atakuchosha na mabishano mwezi mzima nawe una mitihani. Ada ya hosteli baba yako kasema itatoka mwisho wa mwezi, umkumbushe mwenyewe.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanaidi