Daftari la Falme: Madogo Wawili wa Kigoma, Gemu Moja na Jina Lililofichwa

Kama ulikuwa Kigoma miaka ya 2008, 2009 hivi, stori ya umeme wa kule unaijua. Mji ulikuwa bado haujaunganishwa na gridi ya taifa, kila kitu kinategemea majenereta ya dizeli. Jenereta likigoma, mji mzima giza, ukiangalia ziwani unaona karabai za wavuvi wa dagaa zimejipanga utadhani kuna mji mwingine majini. Sasa fikiria wewe ni dogo wa darasa la tano, umedunduliza mia tano yako ya nusu saa, umekaa kwenye banda la kompyuta pale Mwanga, jeshi lako ndo kwanza linavunja geti la ngome ya adui... paap! Giza. Na mwenye banda harudishi hela.

Stori hii inaanzia hapo kwenye giza.

Madogo walikuwa wawili. Mmoja wa Ujiji, analelewa na bibi mzaa mama. Mwingine wa Gungu, baba yake Muha wa Kasulu aliyeshuka mjini kutafuta maisha. Shule moja, dawati moja, ugonjwa mmoja: Age of Empires II.

Kwa wasioijua, ni gemu la mwaka 1999. Unaanza na wanakijiji wachache, unawatuma wakatafute chakula, mbao, dhahabu na mawe, mpaka unakuwa na dola yenye ngome, meli na wapanda farasi. Kila taifa lina upendeleo wake, lina askari wake maalumu ambaye wengine hawana, na lina jengo lake la ajabu. Kuna na mapadri wenye majoho, wakikuimbia tu askari wako anahamia kwa adui. Dogo wa Ujiji alikuwa anawachukia hao mapadri kuliko kitu chochote duniani.

Siku moja wakaamua watafute kwao. Wakapitia orodha yote. Mataifa 13 ya mwanzo, ukijumlisha 5 yaliyoongezwa mwaka 2000, jumla 18. Waingereza wapo, Wajapani wapo, Waviking wapo, Wamongoli wapo, hadi Waazteki wapo. Kusini mwa Sahara, hakuna hata mmoja. Yaani bara zima unakuta Saraseni, basi. (Wahabeshi, Wamali na Waberiberi walikuja kuongezwa mwaka 2015, madogo wenyewe washamaliza shule.)

Wakaangaliana. Dogo wa Gungu akasema, "Tutunge zetu."

Kila umeme ukikatika, wakawa wanakaa barazani na kaunta buku. Masharti waliyaweka kama watu wazima: kila mmoja anatunga dola yake, na kila mmoja lazima awe na nakala ya dola ya mwenzake, ili mtu asije akaongeza nguvu usiku akasema ilikuwepo tangu mwanzo. Vita vinaamuliwa kwa dadu ya ludo.

Wa Gungu alitunga Ufalme wa Heru. Huu haukuwa uongo mtupu, Heru ilikuwepo kweli kule Buha, na miaka ya mwisho ya ukoloni ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Baba yake alikuwa anamsimulia. Kwa hiyo dola yake shujaa mkuu alikuwa Mwami mwanamke, na upendeleo wake ulikuwa ng'ombe. Unampa adui ng'ombe mmoja, akimpokea tu, anakuwa mtu wako, anakulimia. Dogo hakuitoa hewani hiyo, Waha walikuwa nayo kweli, inaitwa ubugabire. Wa Ujiji akalalamika kwamba huu ni upadri wa kutumia ng'ombe, lakini sheria ikapita.

Wa Gungu akaongeza na mali ya tano ambayo kwenye gemu haipo: chumvi. Si mnaijua Uvinza? Wataalamu waliochimba pale walikuta watu wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Wakati hao Waviking wa kwenye gemu wanapiga makasia huko kwao, Uvinza moto unawaka, chumvi inapikwa. Dogo alikuwa hayajui yote hayo kwa undani, alichojua ni kwamba mwalimu alisema chumvi ya Uvinza ilienda mbali sana. Ikamtosha.

Wa Ujiji akaja na Dola ya Ujiji. Meli zake za uvuvi zinavua usiku mara mbili ya za wengine, ila mwezi ukiwa mkubwa zinasimama, kama dagaa wa ukweli. Pesa yake ni shanga, zile zilizokuwa zinaitwa sofi, ambazo kweli zilitumika sokoni Ujiji zamani. Na jengo lake la ajabu halikuwa jengo, ilikuwa Liemba. Meli iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka mwisho wa reli, ikaunganishwa Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Dogo akaandika: "Ukiizamisha, baada ya raundi 8 inaibuka." Hebu niambie ni taifa gani kwenye gemu lile lina kitu kama hicho.

Lakini alikuwa anapigwa. Ng'ombe wa Heru walikuwa wanammaliza. Akahitaji kitu cha kumuokoa, na akakipata kwenye somo la historia.

Darasani waliambiwa njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji, na bidhaa zilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Waliambiwa na hiyo miembe mikubwa ya Ujiji ni ya enzi hizo. Dogo akarudi nyumbani anatabasamu. Jioni akafungua kaunta buku, akaandika:

"Mtumwa. Bei: 0. Chakula: hali. Anafanya kazi za wanakijiji wote. Akifa si hasara."

Wiki hiyo Heru ilikufa mara nne mfululizo. Wa Gungu akagoma, akasema hiyo ni dhuluma, hakuna kitu cha bure kwenye gemu. Wa Ujiji akasema historia ndo inasema hivyo, kamuulize mwalimu. Wakabishana mpaka sauti zikafika uani, ambako bibi alikuwa anachambua dagaa.

"Leteni hilo daftari."

Bibi alikuwa amejua kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya 70, kwa hiyo alikuwa anasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Alisoma Liemba akacheka. Alisoma shanga akatikisa kichwa. Akafika pale.

Kidole kikasimama.

"Huyu mtu wako anaitwa nani?"

"Hana jina, bibi. Ni mtumwa."

"Bibi yangu mimi alikuwa nalo."

Wa Gungu, ambaye mpaka leo anaikumbuka siku ile vizuri kuliko mwenzake, anasema bibi hakukasirika wala hakulia. Aliendelea kuchambua dagaa na kuongea, kama mtu anayeelezea bei za sokoni. Bibi yake alitoka ng'ambo, Manyema, Kongo huko. Alikamatwa akiwa mtoto wa umri wao wale, akatembezwa mpaka ziwani, akavushwa kwa mtumbwi. Upande huu akapewa dini mpya na jina jipya, na kwa jina hilo ndilo akaolewa, akazaa, akazikwa. La zamani alikuwa analitaja akiwa peke yake jikoni, ili asilisahau. Mjukuu wake alilisikia, akamuuliza, akamwambia.

Na bibi akawatajia. Mara moja tu.

Kisha akasema, "Haya si maneno ya barazani."

Ukiwa wa Ujiji utaelewa kwa nini alisema vile. Wamanyema ni wenyeji wa mji ule kama mtu mwingine yeyote, na si kila aliyetoka ng'ambo alivuka amefungwa kamba. Wapo waliokuja kuvua, wapo waliokuja kibiashara, wapo waliobeba mizigo kwa ujira wao. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Lakini nani katoka wapi, na alikuja akiwa nani, ni swali ambalo kwenye posa linaweza kuvunja ndoa. Kwa hiyo watu hawaulizani. Familia ya dogo ilikuwa na jibu lake moja: babu zetu walitoka pwani. Mjomba ndo alikuwa analisema kwa sauti kuliko wote.

Dogo aliuchukua ufutio akafuta ile "Bei: 0". Ilikuwa peni, kwa hiyo karatasi ikatoboka. Akageuza ukurasa, akaandika askari mpya. Juu akaweka jina lile alilotaja bibi. Chini yake:

"Anavuka ziwa bila meli. Haogopi giza. Mapadri hawamgeuzi, ameshageuzwa mara moja, inatosha."

Wa Gungu akasoma, akanakili kwenye daftari lake kama sheria inavyotaka, neno kwa neno. Hakubisha hata kidogo.

Mwezi mmoja baadaye mjomba alikuja kusalimia, akalikuta daftari juu ya mkeka. Akasoma. Akamuuliza dogo nani kamwambia haya. Dogo akanyamaza, maana aliambiwa si maneno ya barazani. Mjomba akaichana ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni. "Una dada zako hapa hawajaolewa," akasema. "Unataka waje waambiwe wao ni watu wa nani?" Bibi alikuwa mlangoni. Hakusema neno, na dogo hilo lilimuuma kuliko kuchaniwa daftari.

Dola ya Ujiji ikaishia hapo. Yakaja mambo mengine: mtihani wa darasa la saba, sekondari, simu, mpira, wasichana. Wa Ujiji akaenda Dar kutafuta maisha. Wa Gungu akabaki, sasa ni fundi simu.

Na unajua nini kilitokea? Jina likapotea. Dogo alilisikia mara moja, akaliandika mara moja, likachanwa. Miaka ikapita akajikuta anakumbuka kila kitu, dagaa, mkeka, kidole cha bibi kwenye mstari, ila jina halipo. Mara anadhani lilianza na M, mara na N. Alikuwa anakuja likizo anajiambia safari hii nitamuuliza. Anafika, anakaa na bibi, wanaongea bei ya mawese, wanaongea nani kaoa, nani kafa. Anaondoka hajauliza. Atamwambiaje mtu kwamba alimpa kitu kimoja tu akitunze na amekipoteza?

Bibi alifariki. Dogo, sasa mtu mzima, akapanda treni mpaka mwisho wa reli akiwa amechelewa mazishi, akawahi arobaini. Alipokuwa amekaa nje kwenye turubai, usiku, watu wameshakula wametawanyika, wa Gungu akaja na mfuko wa plastiki.

"Nilikuwa nahamisha vitu vya mama," akasema. Akatoa kaunta buku, jalada limeliwa na mende.

Ufalme wa Heru ulikuwemo, na ng'ombe wake wa kuchora wenye pembe kubwa kuliko miili. Nusu ya pili ilikuwa Dola ya Ujiji, kwa mwandiko wa dogo wa Gungu, sheria zote. Liemba, shanga, mwezi mkubwa. Na ukurasa wa mwisho, askari yule, na jina lake juu, limepigiwa mstari mara mbili.

Halikuanza na M wala N.

Alilisoma kwa sauti ndogo. Wa Gungu akamwambia, "Mimi nilidhani unalo siku zote."

Usiku ule akaupiga picha ukurasa. Akafungua grupu la WhatsApp la familia, lile ambalo watu wanatumiana michango ya harusi na dua za Ijumaa. Mjomba yumo. Dada wote wanne wamo, wameshaolewa, wana watoto. Akaiweka picha, akaandika: "Hili ni jina la bibi yake bibi. Alinitajia mwenyewe." Akakaa na kidole juu ya kitufe kwa muda mrefu, simu ikazima kioo mara mbili. Mara ya tatu akabonyeza.

Dakika kumi kimya. Ishirini. Tiki za bluu zinaonekana, watu wanasoma, hakuna anayeandika.

Wa kwanza alikuwa mama mkubwa wa Bangwe, ambaye huwa haandiki chochote zaidi ya amina. Akaandika: "Kumbe na wewe alikwambia."

Kisha dada mmoja: "Na mimi."

Kisha mwingine.

Mjomba hakuandika kitu, na mpaka leo hajaandika. Lakini hakutoka kwenye grupu pia.

Haya wadau, mna bibi na babu zenu bado? Kuna jina lolote walilowahi kuwatajia mara moja tu? Huku chini kwenye komenti si lazima ulitaje. Ila liandike mahali, na umpe mshkaji wako nakala.